Mtambo wa Mlimani: Tuliujenga, Hatukuutunza

Ndugu zetu, wana wa milima ya Taita mlio nyumbani, Mombasa, Nairobi na ng'ambo,

Kila mwaka kitabu hiki kinapochapishwa huwa na ukurasa wa miradi iliyokamilika. Ukifungua matoleo ya nyuma utaona, chini ya bweni la wasichana na tangi la maji la zahanati, mstari unaosema: "Ripita ya redio, mlimani. Umekamilika." Mstari huo tumeuchapisha miaka saba mfululizo ilhali mtambo wenyewe ulikuwa umenyamaza. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Tulinakili orodha ya mwaka uliotangulia, tukaongeza mradi mpya, tukaipeleka kwa mpiga chapa. Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu ndio tuliopaswa kuuliza, na hatukuuliza.

Mwaka huu kamati imetutaka tuandike historia ya mtambo huo kwanza, kabla ya kumwomba mtu yeyote shilingi kwa ajili yake. Tumeona ni haki. Anayeombwa achange mara ya pili ana haki ya kujua mchango wake wa kwanza ulikwenda wapi.

Pembe, waya na simu ya kuzungusha

Kwetu habari haijawahi kusafiri kirahisi. Mtu wa ukingo huu anamwona mwenzake wa ukingo wa pili akilima, lakini kumfikia ni kushuka bondeni na kupanda tena, nusu siku imekwisha. Ndiyo maana wazee walitunza pembe. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kila nyumba ilijua nani mwenye pembe na atakayeirithi ni nani.

Reli ya Uganda ilipita chini ya milima yetu mwishoni mwa miaka ya 1890, ikaacha stesheni pale Voi na nyaya za telegrafu kando ya njia. Wajerumani walipoiteka Taveta mwezi Agosti 1914, Waingereza walianza mwaka uliofuata kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kwenda Maktau. Nyaya zikaongezeka huko tambarare. Huku juu habari iliendelea kupelekwa kwa miguu.

Simu ilipanda baadaye sana. Wengi wetu wenye umri wa miaka arobaini na kitu tunaikumbuka ile moja ya sokoni, ya kuzungusha mkono, ambapo ulimwomba opereta akuunganishe na Voi, naye Voi aombe Mombasa. Shirika la simu la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, likaja la Kenya, nalo likagawanywa mwaka 1999. Waya wetu ulibaki uleule. Nguzo ikianguka, fundi alipanda. Baadaye fundi alistaafu na hakuna aliyeletwa badala yake. Siku moja nguzo tatu zilianguka na hazikuinuliwa tena. Msisitizo wetu uko hapo: simu ile ilikufa kabla ya simu ya mkononi kufika kwetu. Iliuawa na ukosefu wa mtunzaji.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilitukuta hivyo. Barabara ya Mombasa na Nairobi ilikatika, na za kwetu za udongo zilikatika zaidi. Kulikuwa na wiki ambazo watu wa Wundanyi hawakujua hali ya watu wa Mwatate, na sisi tuliokuwa vyuoni Nairobi hatukujua kama nyumba za wazazi wetu zimesimama.

Wazo la mzee mmoja

Wazo la ripita lilitoka kwa mzee wetu mmoja, fundi mstaafu wa simu, ambaye jirani zake walimjua kwa antena ndefu iliyofungwa kwenye mgrevilea wa uani. Alikuwa mwendeshaji wa redio ya ridhaa, yaani mtu mwenye leseni ya serikali ya kuzungumza hewani bila malipo na bila biashara, kwa kujifunza na kusaidiana. Waendeshaji hao wako duniani kote, na kila nchi ina herufi zake za kujitambulisha. Enzi za ukoloni Kenya ilitumia VQ4. Baada ya Uhuru ikawa 5Z4. Waliofuatilia Safari Rally zamani watakumbuka kwamba watu wa redio ya ridhaa walikuwa wakikaa maporini kupitisha taarifa za magari, maana huko hakukuwa na simu.

Mzee aliieleza kamati hivi, na maelezo yake bado yanafaa. Redio ndogo ya mkononi haina nguvu ya kupenya mlima. Mawimbi yake husafiri karibu kama macho yanavyoona: kilima kikikaa kati, huonani na mwenzako wala humsikii. Lakini watu wawili walio pande mbili za mlima wote wanakiona kilele. Basi weka kileleni mtambo unaosikiliza na kurudia papo hapo kwa nguvu kubwa zaidi kila unachosikia. Unasikiliza kwenye masafa fulani na kusema kwenye masafa mengine, ili usijizibe masikio mwenyewe. Katika masafa ya mita 2 waliyopewa watu wa ridhaa, kati ya megahezi 144 na 146, tofauti ya kusikiliza na kusema kwa kawaida ni kilohezi 600.

Milima yetu ni zawadi kwa kazi hiyo. Vuria ina mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, na Voi iko chini ya mita 600. Ukingo uliochaguliwa ni wa chini kuliko Vuria, lakini unazidi tambarare kwa mita zipatazo 1,300. Kwa kimo hicho, kama hakuna kilima kingine njiani, redio inaweza kufika karibu kilomita 150. Kwa matumizi yetu, mtu aliyesimama Maktau au Maungu na kifaa cha kushika mkononi angeweza kuzungumza na mtu wa zahanati ya kwetu.

Harambee ya 2003

Wengi mnaosoma hapa mlichanga. Mtambo haukununuliwa mpya. Mzee alitengeneza ripita kwa redio mbili kuukuu zilizowahi kufungwa kwenye teksi jijini, moja ya kupokea na moja ya kurusha, pamoja na makopo marefu ya shaba ya kuchuja mawimbi, betri mbili, paneli ya jua na antena. Vijana walivipandisha kichwani kutoka mwisho wa barabara. Akina mama walipika kimanga kwa siku mbili. Leseni ya stesheni ilitoka kwa jina la mzee, kwa sababu sheria inataka mtambo uwe na mtu mmoja anayewajibika.

Jambo ambalo halikuandikwa popote, na ambalo leo tunaona ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote, ni darasa. Mzee alifundisha jioni katika shule ya sekondari: umeme, antena, kanuni za hewani. Watano walifaulu mtihani wa redio ya ridhaa, wanne wao wakiwa walimu na mmoja muuguzi.

Kwa miaka kadhaa, kila Jumapili saa mbili usiku, walikutana hewani. Mzee aliwaita mmoja mmoja kwa herufi zake, kila mmoja akatoa taarifa: mvua ya wiki, hali ya barabara, daraja lipi limelegea, tembo wametoka mbugani na kufika wapi. Hawakupiga siasa, hawakutangaza bei ya mahindi, hawakucheza muziki, maana hayo yote yanakatazwa kwa leseni hiyo. Ilikuwa mikutano mifupi na ya kuchosha kidogo, waliosikiliza wanasema. Lakini usiku ambao gari la abiria lilitoka barabarani kwenye kona za kupanda kwetu, mwalimu mmoja alifika pale akiwa na redio begani. Aliita mara moja. Mzee, aliyekuwa Voi kwa binti yake, akajibu, na gari la wagonjwa lilikuwa njiani kabla majeruhi wa mwisho hajatolewa.

Jinsi ulivyokufa

Tukirudi kwenye vitabu vya hesabu, historia ya ripita ni fupi. Mwaka 2003 kuna ukurasa mzima wa matumizi: vifaa, usafiri, saruji, mlingoti. Mwaka 2004, mstari wa matengenezo: sifuri. Mwaka 2005: sifuri. Ni sifuri hadi mwisho.

Ina maana mtambo haukutunzwa? Hapana. Ulitunzwa, ila kwa mfuko wa mzee. Yeye ndiye aliyepanda kila baada ya miezi mitatu kuongeza maji ya betri, kufagia majani, kukaza karanga za mlingoti na kufukuza nyuki waliopenda sana lile sanduku. Betri za kwanza zilipochoka, alizibadilisha kwa pensheni yake. Hakuleta risiti, nasi hatukumwuliza. Tuliona mradi unajiendesha. Katika uhasibu hakuna mradi unaojiendesha. Kuna mtu anayelipa, na kama hayupo kwenye vitabu vyako, unakula jasho la mtu usiyemwandika.

Wakati huohuo simu za mkononi ziliingia. Kampuni za kwanza kubwa zilianza kazi nchini mwaka 2000, M-Pesa ikaja 2007, na mnara ukafika kwetu. Watu wakasema redio ni ya kizamani. Walimu wawili walihamishwa, muuguzi akaenda ng'ambo. Mzee alifariki mwaka 2012. Tulichapisha picha yake katika kitabu hiki na maneno mazuri. Hatukumteua mtu wa kubeba leseni baada yake.

Mtambo ulidumu miaka mitano zaidi, jambo linaloonyesha jinsi ulivyofungwa vizuri. Mwalimu mmoja aliyebaki alikuwa akipanda alipoweza. Halafu betri zikavimba, maji yakaingia kwenye kebo ya antena, na mwaka 2017 ukanyamaza. Mwalimu huyo aliiandikia kamati barua. Tumeikuta kwenye faili, imepigwa muhuri wa "imepokelewa". Hakuna nakala ya jibu.

Usiku mmoja wa Aprili

Mnakumbuka mvua za masika za 2024. Kwetu, kipande cha mlima kiliteremka usiku, kikavunja ukuta wa jiko ambamo mama mmoja mtu mzima alikuwa amelala karibu na moto. Mguu wake ulibanwa na mawe. Mwanawe aliushika simu: hakuna mtandao. Mnara ulikuwa umezimika tangu mchana, na haukuwaka hadi siku ya tatu.

Mwanawe huyo alikuwa mmoja wa wanafunzi waliobeba betri mwaka 2003. Nyumbani kwake kulikuwa na redio ya mkononi aliyoachiwa na mwalimu wake. Aliichaji kwa betri ya pikipiki, akapanda hadi mahali ambapo zamani ungefungua ripita bila taabu. Akabonyeza, akaita, akaachia. Ripita nzima ukiachia kitufe hubaki hewani sekunde moja, unasikia mvumo kisha mlio mdogo wa kukatika. Waendeshaji huuita mkia. Ukisikia mkia unajua kwamba hata kama hakuna aliyejibu, umefika. Yeye hakusikia kitu. Alijaribu, anasema, labda mara thelathini, kisha akashuka na kutembea gizani hadi alipokuta gari.

Mama yetu huyo alifika hospitali karibu na adhuhuri. Yuko hai, ametukaribisha chai, na mguu haukuokolewa. Hatuwezi kusema ripita ingeuokoa. Daktari mwenyewe hasemi hivyo. Tunachoweza kusema ni kwamba usiku ule mwanawe alikwenda kwenye kitu tulichomwambia kipo, tulichochapisha mwaka baada ya mwaka kwamba kimekamilika, na hakikuwepo.

Je, bado unahitajika?

Swali hili limeulizwa kwenye mkutano wa Nairobi, tena kwa ukali, na linastahili jibu. Simu ya mkononi ni bora kwa kila siku, wala hatupendekezi mtu aiache. Lakini mnara hautegemei mlima tu. Unategemea umeme, mafuta ya jenereta na kiungo cha kuupeleka ujumbe kwenye mitambo ya mbali. Kimoja kikikatika, kata nzima inanyamaza pamoja. Ripita yetu haitegemei chochote kilicho nje ya ukingo ule. Zaidi ya hayo, simu huzungumza na mtu mmoja. Ukiita kwenye ripita wanasikia wote walio hewani, na aliye karibu ndiye anayejibu.

Si ndoto yetu peke yetu. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ambayo mawimbi yake yalifika hata pwani ya Kenya, ilikata mawasiliano ya visiwa vya Andaman huko India. Kundi la waendeshaji wa redio ya ridhaa lililokuwa pale kwa shughuli zake ndilo lililobeba habari za familia na za misaada kwenda bara. Hapa kwetu, tangu miaka ya 1960 mtandao wa redio wa madaktari warukao wa AMREF umeunganisha hospitali za mbali na Nairobi. Redio hizo zilidumu kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuzitunza aliyelipwa kufanya hivyo.

Gharama tunayoiomba

Tulipanda ukingoni mwezi Januari pamoja na fundi. Mlingoti ni mzima, saruji haijapasuka. Makopo ya kuchuja yapo na yanafaa. Paneli ina ufa lakini inatoa umeme. Betri zimekufa, kebo ya antena imeoza, kinga ya radi iling'olewa na mwenye kuhitaji shaba, na redio ya kurusha imeungua. Kurudisha sauti si kazi kubwa. Ni ndogo kuliko bweni, ni ndogo hata kuliko lango la shule tulilojenga juzi. Bajeti yake iko ukurasa wa miradi, imepitiwa na mkaguzi wetu.

Hatuombi fedha hiyo tu, na hapa ndipo tunapowaomba msome polepole. Mtambo ukisikiliza tu hutumia nusu ampea, yaani ampea-saa 12 kwa siku. Ukizungumza kwa jumla ya saa mbili kwa ampea 6, ni 12 nyingine. Kwa siku ni 24. Betri mbili za ampea-saa 100, tukizitumia nusu tu ili zisife mapema, zinatupa siku nne bila jua, na anayejua ukungu wetu wa Julai anajua kwa nini tunataka siku nne. Betri za namna hiyo zikitunzwa hudumu kama miaka minne. Miaka minne ni miezi 48. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tutatenga kila mwezi sehemu moja ya 48 ya bei ya betri, iwe benki, ili siku zitakapochoka tusiitishe harambee. Tutatenga vivyo hivyo kwa kebo, kwa ada ya leseni, na kwa nauli na posho ya atakayepanda kila miezi mitatu. Posho hiyo haitakuwa sifuri.

Kamati imekubaliana na masharti matatu, na tunayaandika hapa ili mtushike nayo. Kwanza, hatutanunua kifaa chochote kabla ya watu wawili wenye leseni kukubali kwa maandishi kuwajibika, ili mmoja akihama au akifa awepo wa pili. Mwalimu wetu amekubali kuwa wa kwanza. Tunatafuta wa pili. Pili, darasa la jioni lirudi, na wasichana wawe nusu ya darasa. Mwalimu mkuu ametupa chumba. Tatu, katika kitabu hiki neno "umekamilika" halitatumika tena kwa mradi huu wala kwa tangi la maji wala kwa bweni. Kila mradi utaandikwa tarehe ya mwisho ulipokaguliwa, aliyeukagua, na fedha iliyobaki katika fungu lake la matunzo.

Kama baada ya kusoma haya wengi wenu mtaona mzigo huu hatuuwezi, semeni kwenye mkutano mkuu. Tutapanda, tutaushusha mtambo na kuwaambia watu wa kwetu wazi kwamba haupo. Hilo litakuwa bora kuliko kumwacha mtu mwingine abonyeze kitufe gizani akingoja mkia.

Lakini tunaamini mtaubeba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu bado ni ufa. Nambari ya malipo iko nyuma ya kitabu. Ukituma, andika "matunzo" na si "ripita", ili fedha iingie kwenye fungu lake. Na kama una kijana anayefungua redio za nyumbani kuona ndani kuna nini, usimkaripie. Mlete Jumamosi jioni, darasa linaanza Mei.